Masafa, Kipindi na Marudio: Safari ya Istilahi Tatu za Mwendo wa Kujirudia

Msikilizaji wa taarifa ya habari kwa Kiswahili anaweza kulisikia neno masafa mara nne katika muda wa nusu saa. Mwanariadha wa Kenya ameshinda mbio za masafa marefu. Nchi fulani imefanya jaribio la kombora la masafa ya kati. Matangazo yanasikika kupitia masafa mafupi, mita bendi 31. Na kwa walio mjini, kituo kinapatikana katika masafa ya megahezi 98. Katika taarifa mbili za kwanza, masafa ni umbali: mtu amekimbia kutoka hapa hadi pale, na kombora limeruka kutoka hapa hadi pale. Katika ya tatu, masafa bado ni umbali, ila ni umbali ambao hakuna jicho lililowahi kuuona, yaani urefu wa wimbi moja la redio. Katika ya nne, masafa si umbali hata kidogo. Ni hesabu ya mara ambazo wimbi hutetema katika sekunde 1.

Maneno yenye maana nyingi si jambo la ajabu katika lugha yoyote, na Kiswahili hakidaiwi samahani kwa hilo. Tatizo la masafa ni la namna ya pekee, kwa sababu maana ya tatu na ya nne hazitofautiani tu, bali zinakwenda kinyume. Wimbi likiwa fupi, hutetema mara nyingi zaidi. Likiwa refu, hutetema mara chache. Mwanafunzi anayetaka kusema kwa Kiswahili cha redio kwamba mawimbi mafupi hutetema mara nyingi kwa sekunde hujikuta akiandika kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa. Sentensi hiyo ni kweli tupu katika fizikia na ni upuuzi mtupu katika lugha. Wapo walioichukua sentensi ya aina hiyo kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba sayansi. Historia ya jambo lenyewe inaonyesha vingine.

Ni vyema kuanza na uhusiano wenyewe, na mfano ulio karibu zaidi kwa watu wa pwani ni maji ya bahari. Mtu wa bara akiulizwa kuhusu maji kujaa atajibu kwamba hujaa mara mbili kwa siku. Mvuvi wa Lamu au Unguja hasemi hivyo anapopanga safari yake. Yeye anajua kwamba maji yaliyojaa leo alfajiri yatachelewa kesho kwa takriban dakika 50, na keshokutwa yatachelewa tena. Majibu hayo mawili yanaeleza mwendo mmoja kwa njia mbili. Wa kwanza anahesabu mara katika muda uliowekwa. Wa pili anapima muda kati ya mara moja na nyingine. Muda huo, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena, ni kama saa 12 na dakika 25. Ukigawanya saa 24 za siku kwa muda huo, hupati 2 kamili bali 1.93. Ndiyo maana katika kila mwezi zipo siku ambazo maji hujaa mara moja tu kati ya usiku wa manane mmoja na mwingine, na mara ya pili huangukia siku inayofuata. Bamvua nalo lina muda wake, kama siku 14.8, ingawa husemwa kwa wepesi kwamba huja mara mbili kwa mwezi.

Hesabu ya mara na kipimo cha muda, basi, ni pande mbili za kitu kimoja: 1 ikigawanywa kwa muda wa mzunguko hutoa idadi ya mizunguko, na 1 ikigawanywa kwa idadi hutoa muda. Kanuni hiyo ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kushangaa kwa nini ilichukua karne nyingi kutumiwa ipasavyo. Jibu ni kwamba kwa mambo ya polepole, kama maji, mwezi na misimu ya kaskazi na kusi, mwanadamu hupima muda na hana haja ya kitu kingine. Kwa mambo ya haraka, kama uzi wa zeze au ngozi ya ngoma, sikio hutambua kwamba sauti hii ni ya juu kuliko ile, lakini jicho haliwezi kuhesabu mitetemo wala hakuna saa inayoweza kupima muda wa mmoja. Kati ya polepole na haraka palikuwa na pengo, na waliolivuka walilivuka kwa kutumia kitu cha tatu. Kitu hicho kilikuwa urefu.

Mapema katika karne ya 17, Santorio Santorio, tabibu wa Italia aliyefundisha Padua, alitumia chombo cha kupimia mapigo ya mshipa. Kilikuwa na kitu kizito kilichoning'inizwa kwenye uzi. Tabibu aliufupisha au kuurefusha uzi hadi kule kubembea kulingane na mapigo ya mgonjwa, kisha akasoma urefu wake. Saa za wakati huo hazikuwa na mshale wa sekunde wa kutegemewa, kwa hiyo hakukuwa na namna rahisi ya kusema kwamba mshipa unapiga mara 72 kwa dakika. Tabibu alitaja urefu. Kwa vipimo vya leo, uzi wa sentimita 25 hivi unaokwenda na kurudi kwa kila pigo ni mapigo 60 kwa dakika, na uzi wa sentimita 17 hivi ni mapigo 72. Homa ilipopanda, uzi ulifupishwa. Kwa maneno mengine, hapo palikuwa na masafa mafupi kwa mapigo mengi, karibu miaka 300 kabla ya redio, na hakuna aliyelalamika kwamba matabibu wa Italia wamechanganyikiwa.

Galileo Galilei alieleza katika kitabu chake cha 1638 kwamba uhusiano kati ya urefu wa uzi na muda wa kubembea si wa moja kwa moja: uzi ukirefushwa mara 4, muda huongezeka mara 2 tu. Christiaan Huygens wa Uholanzi alikuwa ameunda saa ya timazi kufikia mwisho wa 1656, na mwaka 1673 akachapisha nadharia yake kamili. Kuanzia hapo muda wa kubembea uliweza kupimwa kwa usahihi ambao Santorio hakuwa nao.

Upande wa haraka ulishughulikiwa na padri Mfaransa, Marin Mersenne, katika kitabu chake kikubwa cha muziki kilichotoka mwaka 1636. Njia yake inastahili kuelezwa kwa sababu ni ya busara bila makuu. Uzi wa chombo cha muziki hutetema haraka mno kuhesabiwa. Mersenne akachukua nyuzi ndefu sana, ndefu kupita kiasi cha chombo chochote, ambazo mitetemo yake ilikuwa ya polepole kiasi cha jicho kuifuata. Akahesabu. Kisha akatumia uwiano: uzi uleule, kwa mkazo uleule, ukifupishwa hadi nusu hutetema mara mbili zaidi, ukifupishwa hadi robo, mara nne. Kwa hatua hizo akafika kwenye idadi ya mitetemo ya nyuzi fupi ambazo hakuna jicho lingeweza kuzihesabu. Hapa tena hesabu ya mara ilipatikana kwa kupitia urefu, na hapa tena ufupi ulikuwa alama ya wingi.

Heinrich Hertz, ambaye jina lake sasa limo katika vinywa vya watangazaji wote, alifuata njia hiyohiyo huko Karlsruhe kati ya 1886 na 1888. Alichotaka kuthibitisha ni kwamba umeme unaweza kusafiri hewani kwa mawimbi. Mitetemo ya cheche zake ilikuwa mamilioni kwa sekunde, na hakukuwa na chombo cha kuihesabu. Alichoweza kufanya ni kupima umbali. Aliyaelekeza mawimbi kwenye bamba kubwa la madini lililoyarudisha, kisha akatembea chumbani na kipete cha waya akitafuta mahali ambapo cheche inaonekana na mahali ambapo inapotea. Umbali kati ya sehemu mbili zinazofuatana ambazo cheche inapotea ni nusu ya urefu wa wimbi. Muda wa mtetemo hakuupima kabisa. Aliukokotoa kutokana na umbo la chombo chake. Na hapo ndipo alipokosea. Henri Poincaré wa Ufaransa alipoipitia hesabu hiyo aligundua kwamba muda uliokokotolewa ulikuwa mkubwa kuliko unavyopaswa kuwa kwa mara 1.41 hivi, na Hertz akakiri. Mtu ambaye jina lake limekuwa kipimo cha idadi ya mitetemo alipima vizuri masafa na kukosea kipindi. Wanafunzi wanaoadhibiwa kwa kuchanganya viwili hivi wana mwenzao mwenye heshima.

Redio ilirithi mazoea hayo. Katika miongo yake ya kwanza vituo vilitajwa kwa mita: kituo cha mita 31, kituo cha mita 49, kituo cha mita 400. Urefu wa wimbi ulikuwa ndio jina la mahali pa kituo angani. Hesabu ya mitetemo ilianza kuchukua nafasi hiyo katika miaka ya 1920, vituo vilipoongezeka na kuanza kuingiliana, kwa sababu nafasi ambayo kila kituo kinahitaji ili kisimsumbue jirani hugawanywa vizuri kwa idadi ya mitetemo kuliko kwa mita. Jina la Hertz kama kipimo lilithibitishwa katika mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960. Hata hivyo mita hazikufa. Ziliendelea kuwa majina ya bendi, na ndiyo maana hadi leo husemwa mita bendi 31, ingawa kituo chenyewe hutaja kilohezi zake. Anayetaka kuhakikisha afanye hesabu: mwendo wa mawimbi ni kilomita 300,000 kwa sekunde, na ukigawanya kwa mita 31 unapata karibu mitetemo milioni 9.7 kwa sekunde.

Redio iliingia Afrika Mashariki wakati mita bado zina nguvu. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928. Sauti ya Unguja na Sauti ya Dar es Salaam zilianza mwaka 1951, na idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957. Watangazaji na watafsiri wa idhaa hizo walihitaji maneno ya mawimbi mafupi, ya kati na marefu. Kiarabu, ambacho kimekipa Kiswahili neno masafa, hakikulitumia neno hilo kwa kazi hii. Chenyewe husema wimbi fupi kwa neno lake la wimbi. Waswahili waliacha wimbi wakachukua umbali. Masafa mafupi, masafa ya kati, masafa marefu: kila moja ya istilahi hizo ni sahihi kabisa kama jina la urefu wa wimbi, na ina wepesi wa ulimi ambao urefu mfupi wa wimbi usingekuwa nao.

Msikilizaji wa kawaida, hata hivyo, hakuwa amefundishwa mawimbi. Kwake masafa yalikuwa mwendo wa njia. Na hapa pana kichekesho ambacho wazee wengi wa enzi ya redio za mbao wangekikubali. London inasikika kwa masafa mafupi, na London ni mbali. Kituo cha jirani kinasikika kwa masafa ya kati. Vipi kilicho mbali kiwe na masafa mafupi kuliko kilicho karibu? Sababu ni kwamba mawimbi mafupi hupanda hadi kwenye tabaka la anga la juu lenye chembe za umeme na kurudishwa chini, kisha hupanda tena na kurudi, hata yakavuka bahari. Mawimbi ya kati mchana hutambaa karibu na ardhi na kuchoka mapema. Lakini maelezo hayo hayamo katika neno. Neno lilisema kinyume cha alichosikia mtu, na mtu akafanya jambo la busara: akaacha kulitafuta umbali ndani yake. Masafa mafupi yakawa jina tu la sehemu ya redio, kama jina la mtaa.

Neno likishavuliwa maana yake ya mwanzo namna hiyo, huwa tayari kuvaa nyingine. Nafasi ilikuja na redio za FM. Nchini Tanzania sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na kuanzia 1994 vilianza kusikika Dar es Salaam. Kenya nayo ilipata vya kwake katika muongo huohuo. Vituo hivyo havikutajwa kwa mita. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na hakuna aliyeona haja ya kulisema hilo hewani. Kilichotajwa ni namba ya megahezi, na neno lililokuwa mdomoni mwa mtangazaji kwa ajili ya mahali pa kituo lilikuwa masafa. Akasema masafa ya megahezi 98, na hakuna aliyeshtuka. Baadaye serikali na mamlaka za mawasiliano zikalitumia neno hilo katika nyaraka zao: masafa hugawiwa, hukodishwa, hata hupigwa mnada, kama ilivyofanyika Tanzania mwaka 2018 kwa masafa ya megahezi 700. Katika matumizi haya masafa ni idadi ya mitetemo, na ukitaka umbali uliojificha ndani yake utaukuta ni sentimita 43 hivi.

Mabadiliko haya, kwa hiyo, hayakutokana na ujinga wa watangazaji wala uhaba wa lugha. Kiswahili kilirudia kwa miaka 50 hivi safari ambayo sayansi yenyewe ilikuwa imeisafiri, kutoka kwenye urefu unaoweza kupimwa hadi kwenye hesabu isiyoonekana. Tofauti ni kwamba Kifaransa na Kiingereza kilibadilisha neno njiani, na Kiswahili kiliendelea na lilelile. Gharama yake hailipwi na mtangazaji, ambaye hueleweka vyema. Hulipwa darasani.

Wataalamu wa istilahi hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Neno ambalo lina haki kubwa ya kuwakilisha hesabu ya mara ni marudio. Asili yake inapendeza: rudi ni kitenzi chenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kurejesha, na ni mzizi huohuo ambao Kiarabu cha leo kimeutumia kuunda taraddud, neno lake la kisayansi kwa dhana hii. Lugha mbili zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti. Kasoro ya marudio ni kwamba redio imeshalichukua nalo. Marudio ya kipindi ni matangazo ya jana yanayorushwa tena leo. Na kwa kuwa kipindi ndilo jina zuri zaidi la muda wa mzunguko mmoja, sentensi ya msingi ya somo hili, kwamba marudio ni 1 ikigawanywa kwa kipindi, husikika kama malalamiko ya mtu aliyechoshwa na ratiba ya idhaa.

Hata hivyo kipindi hakifai kuachwa. Neno hili lina ndani yake wazo la kurejea ambalo muda halina. Mvua ina kipindi chake. Somo la hesabu lina kipindi chake katika ratiba, na juma lijalo kitakuja tena siku ileile na saa ileile. Mswahili asemapo kipindi anategemea kwamba kitu hicho kitarudi. Mwalimu anayelijua hilo ameshapata nusu ya somo kabla ya kushika chaki. Kuhusu marudio, utata wake ni wa juujuu. Unaisha mara tu mitetemo inapotajwa, na marudio ya mitetemo kwa sekunde hayawezi kuchanganywa na matangazo ya jana. Utata wa masafa ni wa ndani zaidi, kwa sababu maana zake mbili zimo katika kifaa kimoja na katika mlinganyo mmoja. Katika vitabu vya fizikia ni afadhali masafa yapishe, urefu wa wimbi uitwe urefu wa wimbi, na neno lenyewe liachiwe redio, sheria na wakimbiaji.

Suala hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama mwanafunzi angesoma sayansi kwa lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nchini Tanzania, tangu 1967 shule ya msingi imefundisha kwa Kiswahili na sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 iliruhusu lugha zote mbili. Katika hali hiyo mwanafunzi huzipata dhana nusunusu. Neno masafa hulipata nyumbani kwenye redio, na dhana yenyewe huipata darasani kwa neno la kigeni, tena mara nyingi kwa kukariri. Maneno hayo mawili hayakutanishwi. Anapoulizwa kwa Kiswahili kama wimbi la masafa mafupi hutetema mara nyingi au mara chache, hana pa kusimama. Akichagua mara chache, atakuwa amelitii neno na kukosea mtihani.

Kifaa cha kumfundishia kipo bado katika nyumba nyingi. Redio za zamani zenye mshale wa kuzungushwa zilichapishwa mistari ya namba kwenye kioo, na katika bendi ya masafa mafupi nyingi zilionyesha mistari miwili: mmoja wa mita, mwingine wa megahezi. Mshale ni mmoja. Ukiusogeza kutoka mita 49 kwenda 41, 31, 25, 19, namba za mstari wa mita hupungua, na kwenye mstari wa pili, chini ya kidole kilekile, zinapanda: 6, 7, 9, 11, 15.